Mgeni kaniambia "you have been terrific" nikalala na njaa, kumbe nasifiwa! Hili neno linatumikaje jamani?

Mgumu wa Marangu

Wakuu habari za jioni. Nimekuja na kisa na swali moja, wenye kucheka chekeni ila mkimaliza mnijibu.

Mimi kazi yangu ni mlima, Kilimanjaro, njia ya Marangu ile ya kulala kwenye vibanda. Nilianza kama mgumu, kwa wasiojua mgumu ndio mpagazi, msimu uliopita nikapandishwa nikawa weita, yani chakula kikitoka kwa mpishi mimi ndo nakifikisha kwa wageni, natandika meza, napeleka maji ya moto ya kunawa, nauliza chai au kahawa. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, fomu foo nilipata nilichopata tusiongelee hapa.

Sasa tukawa na mama mmoja Mmarekani, mtu mzima, na mzee wake. Siku ya pili tumefika Horombo, mita 3,720 hapo, baridi imeshaanza kuuma na yule mama chakula hakipandi, mwinuko ule ukikukamata hata ugali wa mama yako unauona kama udongo. Nikampelekea supu ya maboga mpishi kaitia tangawizi, akaila bakuli mbili mpaka akakwangua. Natoa vyombo, akanishika mkono, akaniangalia machoni, akasema "You have been terrific."

Wakuu nilipata ubaridi mpaka kwenye soksi. Kichwani mimi nina "terrible", nina "terror", nina "terrorist", sasa hii terrific itakuwa nini kama sio mdogo wao wa mwisho? Nikamjibu "I am very sorry mama, tomorrow I change." Akatoa macho. Akarudia kwa nguvu, "No, no, TERRIFIC!" na dole gumba juu, mzee wake pembeni anatikisa kichwa kukubali. Ndo nikamalizika kabisa, kosa gani hilo mpaka linapigiwa kelele na shahidi yupo.

Nikarudi jikoni sikula. Usiku mzima najiuliza ni maji ya kunawa yalipoa, au nilisahau kijiko, au nilikohoa karibu na mkate. Kesho yake ilikuwa siku ya kupumzika wazoee hali ya hewa, saa kumi jioni bisi na karanga nikajaza sahani mpaka zinamwagika mezani, chai chupa mbili kwa watu wawili. Tabasamu hamna, natembea kama niko msibani. Tulipofika Kibo ndo nikajikaza nikamfuata chifu gaidi wetu, yani yule mkuu wa kuongoza wageni, nikamuuliza bosi, huyu mama kaniambia mimi ni terrific, atanikata tipi? Chifu alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe, na kule ukicheka sana pumzi inakata kweli, watu wakadhani anaumwa.

Walifika Uhuru, 5,895, wakashuka salama, tipi nilipata tena nono. Ila swali limebaki. Hili neno linatumikaje kwenye sentensi za kawaida? Linaambiwa mtu, kitu, chakula, bosi? Na kwanini linafanana na tusi? Maana yule mama aliniachia imeili, nataka nimwandikie kumshukuru na nataka nimrudishie hilohilo neno lake.

kasuku_mweusi

"Tomorrow I change" 😂😂😂 nimepaliwa na chai. Nakaa siti ya mbele kabisa.

Binti Sinza

Mimi namtetea. Hapo pa terrorist alikuwa na haki zote, terrorist kwa kiswahili si gaidi? Na yeye bosi wake anaitwa nani? Chifu gaidi. Mtu umezungukwa na magaidi mlima mzima halafu mgeni anakwambia terrific, lazima usile.

Mgumu wa Marangu

Aisee hilo la gaidi sijawahi kuliwaza na nina miaka sita pale. Kuanzia leo nasema muongozaji.

Ticha wa Zamu

Mgumu shikamoo ya wadogo nakupa wewe maana umeuliza swali ambalo wanafunzi wangu wanalikosea kila mwaka na hakuna anayeuliza.

Kwanza sikio. Wewe hukusikia vibaya kwa sababu ya ujinga, ulisikia kwa kiswahili. Kiswahili mkazo wetu unakaa silabi ya pili toka mwisho hauhami, kwahiyo masikio yetu hayajazoea kutafuta mkazo uko wapi. Kiingereza mkazo unatembea. "Terrible" inapigwa mwanzoni, TE-ribo. "Terrific" inapigwa katikati, te-RI-fik, ile te ya mwanzo inamezwa hata huisikii. Ukiona mtu kakanyaga RI ujue unasifiwa. Ukiona kakanyaga TE, hapo ndo uombe radhi.

Pili matumizi. Terrific maana yake ni nzuri sana, safi kabisa, ya kiwango cha juu. Inaambiwa mtu: "She is a terrific nurse", nesi hodari kwelikweli. Inaambiwa kitu: "That was a terrific meal." Inaambiwa kazi: "You did a terrific job." Inaambiwa wazo: "What a terrific idea!" Inaambiwa hali ya mwili pia, "I feel terrific", niko fiti, nimeamka vizuri. Ukitaka kusema mtu ni hodari wa jambo fulani tumia "at" na sio "in", hapa ndo watu wanaanguka kwasababu sisi tunasema hodari KATIKA hesabu basi wanaandika "good in maths". Ni "terrific at maths", "terrific at cooking". Na akiwa ni mtu mzuri kwa jamii fulani ya watu, "She is terrific with children", watoto anawaweza.

Tatu, na hii ndo kubwa, usiseme "very terrific".

Nguli wa Kitaa

Ticha samahani, mbona watu wanasema very good, very nice, very beautiful, kwanini hii isikubali very? Kiingereza kina ubaguzi?

Ticha wa Zamu

Nguli fikiria debe la maji. Good ni debe limefika nusu, unaweza kuongeza, very good, unazidi kuongeza, very very good. Terrific debe limeshajaa pomoni. Ukiongeza very yanamwagika tu chini, hayaingii. Hata sisi tunayo hiyo, unaweza kusema nyeupe sana, lakini ukishasema nyeupe pee, unaongeza nini tena? Nani anasema "nyeupe pee sana"?

Ila debe lililojaa unaweza kulipigia mhuri kwamba kweli limejaa, na mhuri wa kiingereza ni "absolutely". "The view was absolutely terrific." Na "really" inaingia kote, good inakubali, terrific inakubali, ukiwa na wasiwasi tumia really hutagombana na mtu. Na kila neno lina mhuri wake kama kwetu, nyeusi ni tii, mtu kalala ni fofofo, ukisema nyeusi fofofo watakushangaa. Wenzake terrific ambao nao wamejaa ni excellent, fantastic, amazing, wonderful, brilliant, awesome. Wote hao very wanaikataa.

Nguli wa Kitaa

Hapo nimekuelewa. Debe limejaa.

Ila mimi nina kamusi ya zamani ya marehemu mjomba, kurasa zimekuwa njano, na humo wameandika terrific ni kitu cha kuleta hofu. Sasa nani muongo, mjomba au chifu gaidi?

Ticha wa Zamu

Wote wakweli, ni suala la umri. Neno limetoka kwenye kilatini kitenzi cha kutisha, huko ndo wametoka pia terror na terrible, kwahiyo Mgumu aliposema ni ndugu alikuwa sahihi mia kwa mia, ni tumbo moja. Lilipoingia kwenye kiingereza karne ya 17 lilikuwa la kutisha hasa. John Milton kwenye shairi lake la mwaka 1667 la kisa cha Adamu na Hawa anamtaja nyoka mwenye macho ya shaba na manyoya ya shingoni "terrific", na hakuwa anamsifia nyoka. Baadae karne ya 19 likalegea likawa la kitu chochote kikubwa kupita kiasi, na kuelekea mwisho wa karne hiyo watu wakaanza kulitumia kusifia.

Ile maana ya katikati ipo mpaka leo, usije ukapotea. "A terrific noise" ni kelele kubwa mno sio kelele tamu. "A terrific storm", dhoruba kali. "At a terrific speed", mwendo wa hatari. Ikikaa na kelele, joto, upepo, mlipuko au kasi, soma kama KUBWA MNO. Ikikaa na mtu, kazi, chakula, wazo, soma kama NZURI MNO.

Umoja Inakaa

Wasee mbona mnashangaa na sisi tunafanya hivo daily. Huku Nairobi msee akiweka goli fiti tunasema "hiyo ni noma!" Noma si ni shida? Ukishikwa na karao pia unasema hii ni noma. Neno moja, shida na sifa. So mzungu akifanya terrific ikuwe poa mbona tunaruka, kila mtu hutoa sifa kwa kitu inatisha.

Binti Sinza

Weeee umefungua kabati. Hatari! "Huyu dada anapika hatari." Balaa! "Gauni lako balaa." Kali! "Ngoma kali." Na ile ya mpirani, "huyu dogo ni mtu mbaya sana", hapo mtu katandaza pasi tatu kavunja ukuta, ndo anaitwa mbaya. Mgeni akijifunza kiswahili cha kitabuni halafu akakaa kijiweni siku moja atadhani tunatukanana mwanzo mwisho.

kasuku_mweusi

Na VIBAYA. "Anajua vibaya." "Kapendeza vibaya mno." Nilimwambia shangazi yangu wa kijijini umependeza vibaya akaenda kubadilisha kitenge.

Ticha wa Zamu

Kasuku hapo umegusa kitu bila kujua. Waingereza wanayo hiyohiyo. "Terribly" kwao mara nyingi ni SANA tu. "I'm terribly sorry" ni samahani sana. "That's terribly kind of you" ni wema mkubwa umefanya, hakuna ubaya hapo hata chembe. Yani terribly kind ni mwema vibaya, neno kwa neno. Ila terrible yenyewe bila -ly imebaki kuwa mbaya, "terrible food" ni chakula kibovu, usijaribu.

Babu Kizingo

Yakhe nyinyi vijana mwanichekesha. Sisi wazee Mombasa tulisomeshwa Kiingereza cha fimbo, na neno la kusifu lilikuwa moja tu, "good", likizidi "very good", basi. Mwalimu akiandika "fair" kwenye daftari wafurahi wiki nzima. Haya maneno ya kumsifu mtu kwa supu mpaka umshike mkono ni ya Wamarekani. Mwingereza niliyefanya naye kazi bandarini, akipenda kazi yako asema "Not bad." Nilidhani ameniona hafifu, kumbe kwake hiyo ndiyo nishani. Miaka miwili nikifanya kazi kwa uchungu kwa sababu ya "not bad".

Mgumu wa Marangu

Babu pole sana, mimi siku mbili tu nilikonda, wewe miaka miwili.

Mbongo wa Minnesota

Nimechelewa huku ndo kumekucha. Niko Marekani mwaka wa kumi na moja naomba niongeze mawili matatu maana Babu kasema kweli.

Mmarekani sifa kwake ni kama salamu. Terrific, awesome, amazing, great, anamwaga tu. Umemwambia utachelewa dakika tano anakujibu "awesome". Kwahiyo Mgumu ukiambiwa terrific na Mmarekani furahi ila usiende kuuza shamba. Ingawa kwa maelezo yako, mama mtu mzima, kakushika mkono kakuangalia machoni, hiyo ilitoka moyoni, ile ya juujuu hawashiki mkono. Terrific yenyewe pia ina umri kidogo, vijana wa huku wanasema zaidi awesome na amazing, terrific utaisikia kwa watu wazima na kwa mabosi. Waingereza wao "brilliant" na "lovely".

Kitu cha hatari zaidi ni "quite". Mwingereza akisema "quite good" mara nyingi anamaanisha sio mbaya, inaridhisha. Mmarekani akisema "quite good" kakusifia haswa. Neno moja bahari katikati. Na "smart", nyumbani ukisema uko smart maana yake umevaa ukanyooka, Waingereza pia hivyo, huku ukimwambia mtu smart umemwambia ana akili. Nilimsifia bosi siku moja kavaa suti mpya, "you are very smart today", akaniuliza "and yesterday?"

Binti Sinza

"and yesterday" 😭 huyo bosi ni mbaya vibaya

Mbongo wa Minnesota

Halafu kuna terrific ya kejeli. Basi limekuacha kwenye theluji, mtu anasema taratibu "Oh, terrific." Mkazo uleule lakini sauti inashuka kama mtu anayeweka mzigo chini. Hapo hakuna sifa, ni kama mama yako ukivunja glasi akasema "safi sana, vunja na ile nyingine." Haifundishwi darasani hiyo, unaangalia uso.

Nurse Mtarajiwa

Jamani mimi naombeni mnisamehe nilete aibu yangu. Niliposikia kwamba terrific ni nzuri nikajitungia kanuni yangu kwamba maneno ya kutisha yenye -fic mwishoni yote ni sifa. Basi chuoni kulikuwa na mkufunzi wa kujitolea toka nje, mama mpole sana, siku ya kumuaga tukaandika kadi, kila mtu mstari wake. Mimi nikaandika kwa kalamu nyekundu "Your lessons were horrific, we will never forget."

kasuku_mweusi

NIMEKUFA. We will never forget!!!

Umoja Inakaa

Ati we will never forget hahaha hiyo ni threat bana

Nurse Mtarajiwa

Alisoma akacheka mpaka machozi akanikumbatia ila aliyeniambia ukweli ni rafiki yangu wakati kadi imeshaondoka.

Ticha wa Zamu

Nurse kanuni yako ilikuwa na mantiki kabisa, ni lugha ndo haina mantiki. Horrific na terrific wamejengwa sawa kama nyumba mbili za fundi mmoja, moja ya kuogofya moja ya kutisha, halafu mmoja akapata bahati akaokoka akaanza kusifia, mwenzie akabaki kulekule motoni. "A horrific accident" ni ajali mbaya ya kutisha mpaka leo. Wawili wengine kama hao ni awesome na awful, wote wametoka kwenye "awe" ile hofu ya heshima ya mtu akisimama mbele ya kitu kikubwa. Awful zamani nayo ilikuwa ya heshima, sasa hivi ni bovu. Awesome inasifia. Kwa hiyo hakuna kanuni hapo, unawajua mmojammoja kama watoto wa jirani, huyu anasalimia huyu anatupa mawe.

Na "nice" ndo kichekesho, imetoka kwenye neno la kilatini la mtu asiyejua kitu, karne nyingi nyuma ukimwita mtu nice umemwita mpumbavu. Imesafiri mpaka imekuwa nzuri. Ila siku hizi nice imechoka, imetumika mno, ukiandika insha "the food was nice, the people were nice, the weather was nice" mtahini anasinzia.

Nguli wa Kitaa

Swali. Naandika barua ya kazi, ya uhasibu. Nikiandika "I am a terrific accountant" nitapata?

Mbongo wa Minnesota

Nguli usijaribu. Kwanza terrific ni neno la mdomoni, la mezani, la meseji. Kwenye barua rasmi wanatumia excellent, outstanding, strong. Pili sifa hizi zinatolewa, hujichukulii, mtu akikusifia wewe terrific poa, ukijisifia mwenyewe unasikika kama muuza dawa ya meno kwenye basi. Sema umefanya nini, umefunga mahesabu ya kampuni ngapi, yeye msomaji ndo aseme terrific kimoyomoyo.

Babu Kizingo

Hapo umenena. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sasa huyo ajisifuye mwenyewe si atauza maji matupu.

Mgumu wa Marangu

Wakuu nimeandika imeili. Nimekaa nayo toka saa mbili. Naomba mniangalizie kabla sijatuma, msinicheke sana:

"Dear mama. How are you and mzee. You was very terrific customers. I am terrific to see you again in Tanzania. My soup was terrific in you. God bless, your waiter."

kasuku_mweusi

"My soup was terrific in you"

nimetoka nje kupunga upepo

Binti Sinza

Mwacheni, imeili ina upendo hiyo kuliko za waume zenu.

Ticha wa Zamu

Mgumu ina roho nzuri, tunanyoosha tu. Twende sentensi kwa sentensi.

"You was very terrific customers." Very tunaitoa, debe limejaa. Was inakuwa were. Na customers ni wa dukani, hawa ulilala nao vibanda kwa vibanda mlimani, waite guests. "You were terrific guests."

"I am terrific to see you again." Hapa umesema kitu kingine, umesema MIMI ni mzuri mno. Unachotaka ni furaha yako, na terrific haibebi furaha ya anayesema, inabeba ubora wa kile kinachosemwa. Kwa hiyo peleka sifa kwenye tukio, "It would be terrific to see you again", kuwaona tena kutakuwa jambo zuri mno. Ukitaka kusema wewe ndo utafurahi, "I would be very happy to see you again", na happy hiyo inakubali very, debe lake lina nafasi. Ni kosa lilelile la "I am exciting" na "I am excited", unajipa sifa ya kitu badala ya hisia ya mtu.

"My soup was terrific in you." Haha. Ulitaka kusema umefurahi supu ilimkubali. Supu hiyo alipika mpishi tusimuibie. "I am glad you liked the soup."

Na "mama" na "mzee" viache. Wamekaa nawe siku sita wameshazoea kuitwa hivyo, ukiandika "Dear Madam" watadhani ni mtu wa benki.

Mbongo wa Minnesota

Namuunga mkono ticha, ila Mgumu terrific iweke mara moja tu, ukiirudia mara tatu inapungua makali kama chumvi iliyozidi. Moja, mahali pake. Mimi ningeiweka kwa guests, ile ya pili iwe "lovely" au "wonderful". Na mtaje kitu kimoja ulichokiona, bakuli mbili za supu, hapo ndo atajua ni wewe unaandika na sio kampuni.

Nurse Mtarajiwa

Na usiweke horrific.

Mgumu wa Marangu

Nimetuma wakuu. Nimeandika hivi:

"Dear Mama, how are you and Mzee? You were terrific guests. I still remember you finished two bowls of soup at Horombo, and I told the cook, he is very happy. That night when you said I was terrific I thought you were angry, so I did not eat. Now I know. It would be wonderful to see you again. God bless you."

Hiyo ya kutokula nimeongeza mwenyewe dakika ya mwisho, nilitaka ajue.

Ticha wa Zamu

Mgumu hiyo mistari ya kutokula ndo bora kuliko yote tuliyokufundisha. Sina cha kusahihisha.

Umoja Inakaa

Buda hiyo ni noma. Noma ya poa.

Babu Kizingo

Not bad, mwanangu.

Mgumu wa Marangu

Babu hiyo nimeipokea kwa mikono miwili.

Wakuu AMEJIBU. Saa hii hii. Kaandika kirefu, vingine nimeelewa, kasema alicheka na kulia kwa pamoja na kamsomea mzee wake. Ila kuna mahali pamenipa wasiwasi. Kasema "You are too kind." Too si ni kupita kiasi? Kama "too much"? Yani wema nimeuzidisha mpaka umekuwa kero? Na chini yake kasema "That soup was out of this world." Nje ya dunia hii?? Supu ya mpishi wetu imempeleka ahera? Mpishi yuko hapa pembeni yangu ananiuliza amesema nini kuhusu supu na mimi sijui nimwambieje.

kasuku_mweusi

Ticha kimbia, huyu leo tena halali

Ticha wa Zamu

Mgumu, mpe mpishi mkono. Halafu kula kwanza, nakuja.